Bajeti ya Kushuka

Jikoni kwetu Isongole, Julai.
Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga uliomwagwa usiku, asijulikane aliyemwaga.
Tusajigwe amekalia kigoda, miguu imelielekea jiko,
daftari la mauzo magotini.
"Haya," anasema, "anza na nauli."

Nauli ya Dar, watu wawili.
Gari la Nyamisati. Boti ya Mafia.
Mkufunzi, mitungi ya hewa, mavazi ya mpira ya kukodi.
"Ya kukodi? Nguo waliyolowea watu wengine?"
Anaandika. Anafuta. Anaandika tena.
Magunia kumi na tisa, bila lumbesa,
yanageuka hewa ndani ya chuma
nikiwa nayatazama.

Chanzo sikumwambia.
Miaka kumi na saba nafundisha Jiografia,
nachora matumbawe kwa chaki za rangi:
yanayoikumbatia pwani, yaliyojitenga nayo,
na yale ya duara, pete isiyo na kidole.
Narudi nyumbani na bahari kwenye mkono wa koti,
vumbi la buluu, vumbi jekundu,
hadi siku ile Ambonisye wa dawati la nyuma,
mtoto asiyeuliza kitu, akauliza:
"Mwalimu, yananukaje?"

Kengele ikaniokoa.
Kengele haikuniokoa.

Mwenzangu kazaliwa Matema,
maji anayajua tangu hajaota meno.
Mimi ni wa huku juu; maji kwangu ni ya ndoo.
Basi kila alfajiri nazamisha uso kwenye beseni,
baridi inauma paji kama pilipili,
nahesabu, thelathini na moja, naibuka nahema.
Lusekelo anashika saa ya simu
na kucheka mpaka anakaa chini.
Mama yake hacheki.
"Yule mtu kasema usibane pumzi hata kidogo.
Kasema upumue.
Wewe unafanya mazoezi ya kufa."

Jana usiku mkufunzi alipiga, Haidari,
sauti yake na upepo nyuma yake.
Akauliza masikio. Akauliza mafua, presha,
miwani yangu ni ya namba gani.
Akauliza tunaishi wapi.
"Uporoto," nikasema, kwa majivuno kidogo,
"zaidi ya mita elfu mbili."
Upepo ukavuma peke yake.
"Basi mkitoka majini msipande. Siku nzima mkae.
Hewa imejificha ndani ya damu;
ukiuwahi mlima itatoka kwa fujo,
soda iliyotikiswa, mwalimu, unaielewa?
Kitonga ipo. Haiendi mahali."

Naielewa. Ningeweza kuichora ubaoni.
Usiku kucha nilikuwa nikiogopa papa,
kumbe wa kuogopwa ni mteremko wa kwetu,
na ule wasiwasi wa kuwahi palizi.

Tusajigwe alikuwa anasikia, simu ilikuwa kwenye spika.
Hajawahi kukaa siku nzima,
hata siku ya uchungu wa Lusekelo
alipukuchua maharage mpaka saa kumi,
akaacha debe limejaa, ndipo akaomba pikipiki.
Sasa analamba ncha ya penseli.
Nje bati limeanza kudondosha matone,
sakitu inaondoka bila kuaga.

Chini ya nauli, chini ya mitungi,
chini ya dawa ya kichefuchefu kwenye boti,
anaandika polepole, kwa mwandiko wa risiti:
*Siku moja. Kukaa tu.*
Kidole chake kinasafiri hadi safu ya bei
na kusimama hapo.
"Hapa," ananiuliza, "niweke shilingi ngapi?"